Maulizo ya wasomaji: Gari imezima, lakini umeme haujalala

Karibuni tena kwenye ukurasa wetu wa maulizo ya garaji. Mwezi huu karibu barua zote zimekuja juu ya jambo moja, hizi gari za ibride (zenye moteri ya petroli na ya umeme pamoja) na za umeme tupu zenye kuingia Lubumbashi kupitia mpaka wa Kasumbalesa, Prius, Aqua, na sasa Leaf mojamoja, volanti kuume, halafu siku inapata pane, yaani inaharibika, mwenyewe anaipeleka kwa fundi ule ule aliyekuwa anamtengenezea Corolla yake ya zamani. Fundi ni mtu hodari, anajua moteri, lakini hakuna aliyemwambia nini iko ndani ya kable ya rangi ya orange. Basi leo nitajibu kwa urefu pale penye hatari ya kufa, na pengine nitapita mbio.

SWALI: Jambo yaya. Miye niko mekanisie hapa Katuba, miaka 14 sasa nafanya diseli na petroli. Wiki iliyopita mtu moja aliniletea Prius ya 2008, taa ya pembetatu nyekundu inawaka, banasema ni batri kubwa ya nyuma. Nilifungua nikaona makable ya orange. Nikatoa masa (ile kable ya minus) ya batri ndogo ya volti 12, rafiki yangu akasema hapo umeme umekwisha, fungua tu. Moyo ukakataa, nikafunga tena. Nilifanya vizuri ao niliogopa bure?

JIBU: Mdogo wangu, ulifanya vizuri sana na moyo wako uheshimu.

Ile batri ya nyuma ya Prius yako ina moduli 28, kila moja volti 7.2, zimepangwa mstari mmoja, ukizijumlisha unapata volti 201.6. Halafu kule mbele chini ya kapo, kile kifuniko cha moteri, kuna inveta, kifaa chenye kugeuza umeme wa batri uwe wa kuzungusha moteri, na ndani yake kuna kifaa chenye kupandisha hizo volti mpaka 500. Sheria za kimataifa za magari zinahesabu kwamba umeme wa batri ukipita volti 60 tayari ni wa hatari kwa mtu. Sasa fanya hesabu mwenyewe, mwili wenye jasho, mikono imelowana, ukinzani wake kwa umeme unaweza kushuka mpaka karibu ohmi 1000, kwa volti 201 inapita kama ampea 0.2 kifuani, na hiyo inatosha kabisa kuvuruga mapigo ya moyo.

Rafiki yako hakusema uongo wote. Ukitoa masa ya batri ndogo, rele kubwa, yaani swichi zenye kupitisha umeme kutoka batri ya nyuma, zinajifungua zenyewe na kuukata, kwa sababu zinashikwa na zile volti 12. Hiyo ni kwa gari isiyo na ubovu. Lakini rele inaweza kuungua ikaganda, ikabaki imeshikana, na nje hauoni kitu. Tena ndani ya inveta kuna kondansateri, ni kama ndoo yenye kuhifadhi umeme, bomba umeifunga lakini ndoo bado imejaa. Kwa hiyo kutoa masa ni mwanzo wa kazi, si mwisho wake.

Nikueleze vile ninavyofanya mimi, polepole. Gari naiweka P, breki ya mkono juu, naangalia neno READY kwenye dashibodi limezima, kwa sababu hizi gari zinaweza kuwa zimewaka bila sauti hata kidogo na moteri ikaruka mkono wako ukiwa ndani. Halafu ufunguo. Kwa gari ya kubonyeza batani ufunguo ukiwa karibu tu mtoto anaweza kuiwasha, kwa hiyo ufunguo unatoka garajini kabisa, naufungia kwenye droo ya ofisi, upande wa pili wa kiwanja. Buti naifungua mapema na naiacha wazi, maana kwa Prius batri ndogo iko kule nyuma na mlango wake unafunguka kwa umeme, ukitoa masa na buti imefungwa umejifungia nje. Ndipo natoa masa, naizungushia tepu isirudi kugusa.

Saa, pete, mnyororo wa shingo, bangili, vyote vinatoka. Navaa glavu (hizo kuna mtu ameziuliza hapa chini). Upande wa kushoto wa buti, ndani kidogo, kuna kishiko cha orange, njo ile prizi ya serviso, yenye kukata batri kubwa. Inavutwa, inazungushwa, inatoka. Hapo sasa sikiliza vizuri: hiyo prizi hauiweki mezani, hauiachi juu ya buti, unaitia mfukoni mwako wewe mwenye kazi. Ikiwa mfukoni mwako hakuna mtu wa kuirudisha wakati umeinama mbele.

Halafu unangoja dakika 10. Zihesabu kwa saa ya simu, usihesabu kwa kichwa, kwa kichwa dakika 10 zinakuwa 3. Hapo ndoo inajimwaga.

Na hata baada ya hizo dakika haujaruhusiwa. Unafungua kifuniko cha inveta bado na glavu, unachukua multimetri yenye kuandikwa CAT III 1000 V, si ile ndogo ya njano ya sokoni yenye waya nyembamba kama uzi. Kwanza unaipima kwenye batri ya 12 ya gari nyingine uone inasoma. Halafu unapima kwenye inveta, plus na minus, halafu plus na bodi ya gari, halafu minus na bodi. Zote ziwe sifuri. Halafu unarudi tena kwenye ile batri ya gari nyingine kuhakikisha multimetri haikufa katikati. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu multimetri mbovu pia inaandika sifuri, na wewe utaamini ile sifuri na kutoa glavu. Mimi glavu zinatoka hapo tu, si mbele ya hapo.

Sasa kuna kitu kimoja ambacho mafundi wengi wanakosea, na hapa mimi mwenyewe nilikosea. Prizi ikitoka, kable zinakufa, inveta inakufa, moteri inakufa. Batri yenyewe haikufi. Prizi inaikata vipande viwili tu, na kila kipande kinabaki na umeme wake, hauna batani ya kuuzima. Miaka ile nilikuwa kwa garaji moja hapa mjini, nimefungua kasha la batri, prizi iko mfukoni, najiona niko salama, natoa zile nati ndogo za moduli kwa spana ya 8, spana ya kawaida ya chuma. Ikaniteleza. Ikaanguka ikalala juu ya vichwa vya moduli, mwanga mweupe, mlio kama mtu amepiga ubao, na nusu dakika sikuona kitu. Hiyo spana bado ninayo. Pembeni yake kuna pengo, chuma kimekwenda, kama kitu kiliiuma. Ilikuwa sentimeta chache kutoka kidole changu. Tangu siku hiyo spana zangu zote za kazi hii nimezivalisha, zile za kuandikwa 1000 V, na kila kichwa cha moduli ambacho sikifanyii kazi nakifunika kwa plastiki kwanza.

Kwa hiyo wewe wa Katuba, kasha la batri usifungue mpaka mtu mwenye kujua asimame na wewe mara ya kwanza. Lakini kuna kazi unaweza kufanya leo na mteja wako akafurahi: pembeni ya kiti cha nyuma kuna tundu lenye kuvuta hewa ya kupoza batri, na nyuma yake kuna fani ndogo. Vumbi yetu hii nyekundu ya kiangazi inaijaza mpaka mabawa yanakuwa kama yamepakwa udongo. Batri inachemka, gari inawasha taa. Nimeona watu wanaambiwa wanunue batri nzima wakati fani ndio haipumui. Hilo tundu na fani unasafisha bila kufungua kasha na bila kugusa orange.

SWALI: Fundi, asanti kwa kazi. Niko Ruashi. Hayo magan (glavu) ya umeme ni bei kali. Naweza kuvaa ya ngozi ya kuchomelea, ao ya mpira ya kuoshea vyombo, nivae mbili mbili?

JIBU: Hapana, ndugu. Mpira wa kuoshea vyombo haukutengenezwa wala kupimwa kwa umeme, hata ukivaa tatu, na ngozi ikilowa jasho inapitisha. Zinazotakiwa ni glavu za mpira zenye kuandikwa "Class 0" karibu na kifundo, hizo zinakubaliwa mpaka volti 1000 za umeme wa ukutani na 1500 za umeme wa batri. Juu yake unavaa ya ngozi, si kwa ajili ya umeme, ni kwa ajili ya kulinda mpira usitobolewe na ncha za bati.

Kabla ya kuvaa, kila mara, hata kama ulizivaa asubuhi, fanya hivi: shika mdomo wa glavu kwa mikono miwili, uzungushe ujikunje ujikunje mpaka hewa inabanwa kwenye vidole na vinasimama kama puto. Zilete karibu na shavu. Shavu linasikia hewa ndogo kuliko mkono. Sikiliza, bonyeza kila kidole kimoja kimoja, hasa katikati ya kidole gumba na cha shahada, pale ndipo zinakufa kwanza. Ukisikia pumzi hata kidogo hiyo glavu haiko tena ya umeme, ikate vidole ili mwingine asiiokote kwa bahati mbaya. Usiipake mafuta, usiiache kwenye jua juu ya dashibodi, usiikunje mfukoni, itundike ao uiweke imenyooka. Na kila miezi 6 zinatakiwa kupimwa kwa mashini ya volti kubwa. Kama hauna njia ya kuzipima, zikifika muda nunua nyingine, najua inauma, lakini kama mko garaji tatu jirani changeni mnunue pea moja nzuri ya kuzunguka, ni bora kuliko kila mmoja na yake ya uongo.

SWALI: Mimi dereva wa Aqua, niko Kamalondo. Kuna kijana aliyeshika kable ya orange iliyokatika kidogo, ya upande mmoja, mbele yetu, wala hakupata kitu. Anasema ni hadithi za kuwatisha watu. Ni kweli?

JIBU: Si hadithi, na huyo kijana aliponea chupuchupu. Umeme wa SNEL, kampuni ya umeme ya nchi yetu, pale nyumbani umefungwa na ardhi, ukigusa waya mmoja umesimama chini, unapita kwako kwenda ardhini. Umeme wa gari hizi haukufungwa na bodi, plus na minus vyote vimetengwa, kwa hiyo ukigusa kimoja peke yake mara nyingi haupati kitu, hakuna njia ya kurudi. Aqua yako ina volti 144 zikizunguka hivyo.

Lakini kable ikichubuka chini ya gari, ao panya akitafuna, ao maji yakaingia kwenye konektasi, upande mmoja unagusa bodi. Gari bado inaenda, hapo inaweza kuwasha taa tu. Sasa bodi nzima ni upande mmoja wa batri, wewe umeegemea bodi kwa tumbo, mkono unagusa upande wa pili, na hapo njia ni wewe. Kijana aligusa gari ambayo bado ilikuwa imetengwa vizuri. Ya kesho hajui. Na hiyo kable iliyochubuka haifungwi tepu, inabadilishwa nzima.

SWALI: Mimi ni mama wa Kampemba. Mtoto wangu ana miaka 17, anajifunza garaji. Juzi alikuja kuniambia patron amemwambia atoe batri ya gari ya umeme peke yake wakati yeye ametoka. Silali. Nimkataze kwenda?

JIBU: Mama, usimkataze kazi, mkataze hiyo kazi moja. Na kama unaweza, panda mwenyewe mpaka pale, ongea na patron kwa heshima, mwambie ukurasa huu umesema. Mtoto wa kujifunza anaweza kubadilisha tairi, breki, taa, mafuta, hata kwa gari ya umeme, mradi asiguse orange na gari iwe imezimwa na ufunguo uko mbali. Kutoa batri kubwa si kazi ya mtu mmoja hata kama ana miaka 50. Wanakuwa wawili, mmoja anafanya, mwingine anasimama anaangalia, mikono yake haiko kazini.

Na huyu wa kusimama lazima ajue nini, kwa sababu hapa ndipo wanakufa wawili badala ya mmoja. Umeme unaweza kukaza misuli, mtu akashika na asiweze kuachia, anakuangalia tu na macho. Ukimkimbilia ukamvuta kwa mkono mtupu unashikwa na wewe. Kwa hiyo pembeni ya gari, kabla kazi haijaanza, inalala fimbo ndefu ya mbao kavu, ao ile ndoano ya plastiki ngumu ya kazi hiyo. Unamsukuma ao unamvuta kwa hiyo fimbo, umesimama pakavu. Akishaachana na umeme, mlaze chali, mwite. Kama hajibu na hapumui vizuri, mtu mwingine anapiga simu na kutafuta gari ya kwenda hospitali, wewe unaanza kubonyeza katikati ya kifua kwa mikono miwili, nguvu, kifua kiingie sentimeta 5, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila kusimama. Kama umefundishwa kupuliza, ni 30 za kubonyeza kwa 2 za kupuliza. Kama haukufundishwa, bonyeza tu.

Hata akisimama mwenyewe akasema niko sawa, mpeleke. Umeme unaweza kuvuruga moyo na kuunguza ndani bila ngozi kuonyesha, na kuna wenye kuzidiwa saa kadhaa baadaye. Mwambie mtoto asione haya kumwambia patron "ningoje urudi". Mama, mimi nikiwa patron wake ningemsifu kwa hiyo.

SWALI: Mimi tolie, fundi wa bodi za gari, niko komini ya Kenya hapa Lubumbashi. Nimeletewa Nissan Leaf imegongwa upande, chini ya mlango pameingia ndani. Naweza kuchomelea?

JIBU: Subiri kwanza. Kwa Leaf batri yote imelala chini ya sakafu, karibu volti 360, na pigo la upande chini ya mlango linaweza kuwa limeibonyeza. Seli ya lithiamu iliyobonyezwa inaweza kukaa kimya siku nzima, siku mbili, halafu ikaanza kuchemka yenyewe usiku garaji imefungwa. Kwa hiyo hiyo gari leo itoke ndani, iwekwe kiwanjani, kama mita 15 kutoka nyumba na gari zingine. Ipitie mara kwa mara, weka mkono karibu na sakafu bila kugusa bati, sikiliza kama kuna mlio wa kuchemka ao harufu tamu-tamu kama rangi ya kucha. Ukiona moshi mweupe usikae kuangalia, moshi huo una sumu kali, ondoa watu, na kama kuna maji mengi yatumike mengi kabisa kutoka mbali, kopo la mchanga halizimi moto huo, tena ukizima unaweza kuwaka tena baada ya masaa.

Kama batri iko salama (mwenye kujua ameiangalia), prizi yake ya serviso iko chini ya kifuniko sakafuni, mbele ya kiti cha nyuma. Fuata hatua zile zile nilizomwambia wa Katuba, dakika 10 ndani yake. Halafu kwa kuchomelea karibu na sakafu batri inashushwa kabisa, hauchomi juu yake hata sekunde moja. Na waya za njano usizichanganye na za orange, njano mara nyingi ni za puto za usalama, nazo ziko na kishindo chake.

Nikiwa kwenye Leaf niseme hili moja. Kobalti nyingi ya dunia, zaidi ya nusu, inatoka nchi yetu, nyingi kule Kolwezi na jirani zake. Inaondoka hapa kama udongo ndani ya magunia, na nyingine inarudi ndani ya batri za okazio, zilizokwisha kutumika. Naumia kuona mtoto wa Katanga anauawa na kitu ambacho baba yake alikichimba, kwa sababu tu hakuna aliyemfundisha kukishika.

SWALI: Mvua zimeanza. Naosha magari Avenue ya kwetu, naweza kupiga presha chini ya kapo ya Prius? Na ile iliyozama kwa maji ya mtaro?

JIBU: Chini ya kapo hapana, wala chini ya sakafu kwa karibu, presha inasukuma maji kupita mipira ya konektasi. Tumia kitambaa cha unyevu na brashi, orange uiache.

Iliyozama mpaka viti, usiiwashe kujaribu. Usiivute kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini, kwa sababu ile moteri ina sumaku, ikizungushwa na magurudumu inatengeneza umeme yenyewe na kuupeleka kwenye inveta yenye maji. Inyanyue mbele, ao ipandishwe juu ya lori, ipelekwe pakavu, milango wazi, na fundi wako aanzie pale pale: ufunguo mbali, masa, glavu, prizi mfukoni, dakika 10, multimetri.